Somo la Redio: Kumtambua Nzi wa Nairobi na Ndugu Zake

Nasema nanyi kutoka Butimba, hapa Mwanza. Mwalimu wa darasa, tafadhali futa ubao na uweke chaki karibu, kwa maana leo tutachora. Na ninyi wanafunzi, wekeni daftari tayari. Tukimaliza kusikilizana, mtayasoma maneno haya haya katika karatasi mlizopewa, polepole, fungu kwa fungu.

Somo la leo ni juu ya mdudu mdogo. Urefu wake ni kama sentimita moja au pungufu, na wembamba wake unaushinda kijiti cha kibiriti. Watu wengi humwita nzi wa Nairobi. Huzidi wakati wa mvua na mara baada ya mvua. Mchana hukaa penye unyevu: ufukoni mwa ziwa, katika bustani za mboga, katika majaruba ya mpunga, na chini ya majani yanayooza. Usiku huifuata taa. Sasa tujitazame sisi watu wa Butimba, Nyegezi na Mkuyuni. Upande mmoja tuna ziwa, upande wa pili tuna taa za umeme. Basi mdudu huyu tumemwekea kila anachokitaka.

Pengine mtu atauliza, "Je, mdudu mdogo namna hii astahili kipindi kizima?" Anastahili, nami nitawaonyesha sababu. Mdudu huyu huunguza ngozi na macho. Lakini madhara yake hayaishii hapo. Watu wasipomtambua, huyapa madhara yake jina jingine, na jina hilo laweza kumwumiza mtu kuliko lile jeraha lenyewe.

KWANZA: SI NZI

Nzi wa kweli ana mabawa mawili tu. Wale wadudu wa ziwani mnaowaona wakipaa juu ya maji kama nguzo za moshi, hasa mwezi unapoandama, hao ni jamaa za nzi na mbu. Huingia puani na kwenye chakula, wakatusumbua, lakini hawaunguzi ngozi.

Nzi wa Nairobi ni mbawakawa. Mbawakawa ana mabawa manne. Mawili ya juu ni magumu kama kifuniko, na mawili ya chini ni laini, nayo ndiyo ya kurukia. Kwa mbawakawa wengi kifuniko hicho hufunika mgongo wote. Lakini upo ukoo mmoja ambao kifuniko chake ni kifupi mno, kama koti lililoishia kwapani, na tumbo lote limebaki wazi. Mabawa ya kurukia hukunjwa mara nyingi, yakaingia yote chini ya kifuniko hicho kidogo. Ukoo huu ni mkubwa ajabu. Wataalamu wamekwisha kuwapa majina zaidi ya aina 60,000 za ukoo huu duniani, na wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mchele.

Ndani ya ukoo huo mna nyumba moja iitwayo Paederus. Nyumba hii ina aina zaidi ya 600, na nzi wa Nairobi ni wa nyumba hii. Kumbukeni mpango huu: ukoo, halafu nyumba, halafu aina. Ni kama tunavyomtambua mtu. Kwanza twauliza ukoo wake, kisha twauliza nyumba gani, mwisho twauliza yeye ni nani hasa.

PILI: ALAMA TANO ZA NYUMBA HII

Mwalimu, sasa chora ubaoni mstari mnene wa wima, uugawe sehemu tano. Na kila mwanafunzi anyoshe mkono wake wa kushoto, ahesabu kwa vidole.

Kidole gumba ni kichwa: cheusi.
Kidole cha pili ni kifua: rangi ya chungwa lililoiva.
Kidole cha tatu ni kifuniko cha mabawa: buluu au kijani iliyokoza, tena inang'aa.
Kidole cha nne ni tumbo: rangi ya chungwa tena.
Kidole cha mwisho ni ncha ya mkia: nyeusi tena.

Nyeusi, chungwa, buluu, chungwa, nyeusi. Semeni pamoja mara tatu. Mtoto wa miaka sita aweza kuyashika maneno haya, na ni vema mkamfundishe mkirudi nyumbani.

Tena mtazame anavyokwenda. Hukimbia upesi, na akiguswa huinua mkia kama nge. Lakini mkia huo hauna mwiba. Huyu hang'ati wala hachomi.

Msimchanganye na wengine. Siafu na sisimizi wana kiuno chembamba, na vipapasio vyao vimepinda kama kiwiko. Nzi wa Nairobi hana kiuno cha namna hiyo, na vipapasio vyake ni kama shanga zilizotungwa katika uzi. Yuko pia mdudu mwenye koleo mkiani. Yeye naye ana kifuniko kifupi, lakini lile koleo lamtambulisha. Na wako mbawakawa wakubwa wa maua, wale wanaokula maua ya maharage. Baadhi yao hutoa maji yanayofanya malengelenge, lakini miili yao ni minene na kifuniko chao ni kirefu. Sumu yao pia ni nyingine kabisa.

TATU: NDUGU WASIOTENGANIKA KWA MACHO

Sasa tumefika mahali pagumu, nami nawaomba mtege masikio.

Katika Afrika Mashariki jina la nzi wa Nairobi ni la mdudu zaidi ya mmoja. Aina mbili ndizo zinazotajwa mara nyingi katika vitabu. Moja huitwa Paederus sabaeus, na jina hilo ilipewa na Mjerumani Erichson mwaka 1840. Ya pili huitwa Paederus eximius, nayo ilipewa jina na Mfaransa Reiche kiasi cha miaka kumi baadaye. Ukiwaweka wawili hawa juu ya karatasi nyeupe, utaona ile ile nyeusi, chungwa, buluu, chungwa, nyeusi. Ni kama ndugu wawili waliovaa kanzu zilizokatwa katika jora moja.

Je, mtaalamu huwatenganishaje ndugu wa namna hii? Rangi huiweka kando, kwa sababu rangi ya nyumba nzima hukaribiana, na ya mdudu aliyekufa hufifia. Huchukua kioo cha kukuzia. Hutazama vishimo vidogo vilivyo juu ya kifuniko cha mabawa: je, vimesongamana au vimeachana? Hutazama umbo la kifua: je, ni la mviringo au ni refu kidogo? Hutazama miguu, meno na vipapasio. Hupima mabawa ya chini, kwa maana wako ndugu wa nyumba hii wenye mabawa mafupi wasioweza kuruka. Na yote hayo yasipotosha, humchukua dume, akatoa kiungo chake cha uzazi kilichofichwa ndani ya mkia, akakitazama kwa darubini. Kiungo hicho kina umbo lake katika kila aina. Mnajua funguo mbili zaweza kufanana kwa mbali, hata mwenye nyumba akazichanganya, lakini meno ya ufunguo hayafanani. Ndivyo ilivyo hapa.

Jambo hili lisiwashangaze ninyi mnaojifunza kusoma. Kumbukeni siku mlipoanza. Herufi b na herufi d zilikuwa kitu kimoja machoni penu: fimbo na duara. Leo hakuna kati yenu asomaye "baba" akadhani ni "dada". Herufi ni zile zile za siku ile. Mmejifunza mahali pa kutazama, yaani upande ambao duara limekaa. Mtaalamu wa wadudu naye amejifunza mahali pa kutazama.

Lakini kuna fumbo kubwa zaidi. Sumu ya mdudu huyu imo katika maji ya mwili wake. Wataalamu wawili wa Italia, Pavan na Bo, waliipa jina la pederini mwaka 1953, na ili kuipata ya kutosha kuichunguza ilibidi wakusanywe wadudu wapatao milioni 25. Baadaye ikagunduliwa kwamba sumu hii haitengenezwi na mdudu mwenyewe. Hutengenezwa na vijidudu vya bakteria wanaoishi ndani ya jike, naye jike huirithisha kupitia mayai yake. Mwaka 2002 Mjerumani Piel alionyesha kwamba maelekezo ya kuitengeneza yamo katika bakteria hao. Tena wako majike wenye bakteria hao na wako wasio nao. Basi majike wawili wa aina moja, waliozaliwa jaruba moja, mmoja aweza kuwa na sumu nyingi na mwenziwe akawa na kidogo sana. Wafanane vipande vyote vitano! Hapo hata kile kioo cha kukuzia hakisaidii.

Je, twajifunza nini? Twajifunza kwamba kila swali lina kiasi chake cha kutazama. Anayeandika kitabu cha wadudu wa Ziwa lazima aijue aina, tena kwa uhakika. Lakini wewe uliyeona mdudu shingoni mwa mwanao usiku, huhitaji kujua kama ni sabaeus au eximius, wala kama ni jike au dume. Yakutosha kuijua nyumba. Ukiona zile rangi tano, mhesabu kuwa ana sumu, basi.

NNE: JERAHA LENYEWE

Tuseme mama mmoja anakaanga samaki jioni chini ya taa. Mdudu anaanguka shingoni. Mama anahisi kitu kinatambaa, anapiga kofi, anasugua, anaendelea na kazi. Hakuna maumivu. Anasahau kabisa.

Kesho yake, au kesho kutwa, ngozi inakuwa nyekundu na kuwaka moto. Kisha hutokea malengelenge katika mstari, kama mtu aliyechapwa fimbo. Mstari huo ndio njia ambayo mkono ulipitisha yale maji. Kama mdudu alipondwa katika mkunjo wa kiwiko, jeraha hutokea pande zote mbili za mkunjo, moja likilitazama jingine, kama wino mbichi katika daftari lililofungwa. Na kama mama alifikicha jicho kwa mkono ule ule, jicho huvimba na kuwa jekundu, likatoa machozi.

Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu kweli humo nguoni, lakini kwa sababu sumu yake hukawia, mtu hamkumbuki. Na mtu asiyekumbuka sababu hutafuta sababu nyingine.

TANO: MAJINA YANAYOUA

Wako wanaoona mstari wa malengelenge wakasema mara moja, "Huu ni mkanda wa jeshi." Na kwa kuwa mkanda wa jeshi umehusishwa na UKIMWI, maneno huanza kutembea mtaani. Mwenye jeraha hutengwa. Mume na mke hushukiana. Na kisa chote ni mdudu aliyeangukia shingoni!

Tutazame tofauti. Mkanda wa jeshi hutokana na virusi vile vile vya tetekuwanga. Kwa kawaida hukaa upande mmoja tu wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia siku kadhaa kabla ya malengelenge. Jeraha la mdudu hupatikana zaidi mahali palipokuwa wazi, kama shingo, uso na mikono. Laweza kuvuka kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine, na huja baada ya usiku wa kukaa karibu na taa. Hata hivyo, hizi ni alama za kutusaidia kufikiri, hazitufanyi kuwa waganga. Mwenye jeraha aende zahanati. Na hata kama ni mkanda wa jeshi kweli, huo peke yake hauthibitishi UKIMWI. Kipimo ndicho kinachothibitisha. Majirani hawana kipimo hicho.

Liko jingine zito zaidi, nami sitalipita. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi ulioletwa juu yao ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa kuni na samadi, miaka mingi ya kuwapikia watoto ambao baadaye waliwageuka. Jicho laweza kuwa jekundu kwa moshi, kwa vumbi, kwa ugonjwa, na kwa mdudu huyu wa leo. Mtu asiyeweza kutenganisha mbawakawa wawili walio mezani mbele yake, tena katika mwanga, atathubutuje kusoma moyo wa bibi kizee kwa rangi ya jicho lake? Ndugu wanafunzi, andikeni sentensi hii kwa mwandiko mzuri: Macho mekundu ni ugonjwa, si ushahidi.

SITA: LA KUFANYA

Mdudu akikutua mwilini, usimpige. Mpulize kwa pumzi, au mwekee kipande cha karatasi apande, kisha umkung'ute mbali.

Akipondeka, osha mahali hapo upesi kwa sabuni na maji mengi. Osha na mikono. Usiguse macho kabla ya kuosha. Fua nguo au taulo iliyoguswa na maji yake, kwa sababu ugonjwa huu hauambukizi kama surua, lakini sumu yaweza kubebwa na kitambaa au kidole hadi kwa mtu mwingine.

Malengelenge yakitokea, usiyatumbue wala kuyakuna. Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Jeraha la kawaida hupona katika wiki mbili au tatu, likaacha doa jeusi ambalo hufifia. Likiwa kubwa, au likitunga usaha, nenda zahanati.

Jicho likiguswa, lioshe kwa maji safi mengi, uende kwa mganga siku hiyo hiyo. Usitie jichoni maziwa, wala majani, wala dawa ya jirani.

Usiku wa msimu wa mvua, zima taa isiyotumika, na usitandike kitanda chini ya taa. Teremsha chandarua mapema na uchomeke pindo zake. Kung'uta shuka kabla ya kulala. Ondoa majani yanayooza karibu na mlango. Madarasa yetu mengi husomwa jioni, chini ya taa, basi kila mmoja atazame kola ya mwenzake kabla ya kuondoka. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 hadi 1998 zilifuatwa na wingi wa wadudu hawa katika Afrika Mashariki, na mwaka 2019 walizidi tena. Mvua ikizidi, tujiandae.

Lakini msitoke hapa mkaenda kuwateketeza shambani. Mdudu huyu hula wadudu wadogo na mayai yao. Ndugu zake wanajulikana kuwa wasaidizi katika mashamba ya pamba huko Misri na katika mpunga huko Asia. Shambani mwache afanye kazi yake. Chumbani mtoe kwa karatasi.

KAZI YA JUMA HILI

Mdudu asiye na maandishi hana thamani kwa mtaalamu, hata awe mzuri namna gani. Katika nyumba za makumbusho, chini ya kila mdudu hukaa kikaratasi kidogo chenye mambo matatu: alipatikana wapi, lini, na nani aliyemwokota. Bila kikaratasi hicho, hata mjuzi hawezi kusema mdudu huyu alikuwa akiishi wapi. Ninyi sasa mwajua kuandika, na kazi hii mwaiweza.

Kila kikundi cha wanafunzi wanne kitafute mdudu mmoja. Mpandisheni juu ya karatasi, mtieni katika chupa nyeupe yenye kifuniko. Msimguse kwa mkono. Andikeni kikaratasi chake, kwa mfano hivi: "Butimba, bustanini, chini ya majani ya mgomba." Ongezeni tarehe na jina la mwokotaji. Kisha mtazameni, mhesabu alama tano. Mkikosa hata moja, andikeni mliyoikosa. Jina msimpe mpaka mmalize kutazama.

MASWALI

1. Kwa nini tunasema nzi wa Nairobi si nzi?
2. Taja rangi tano za nyumba ya Paederus kwa mpangilio wake.
3. Mtaalamu hutazama nini ili kutenganisha aina mbili zinazofanana?
4. Kwa nini mtu aliyeungua hamkumbuki mdudu?
5. Jirani akikuambia kwamba bibi fulani ni mchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu, utamjibu nini? Andika sentensi tatu.

Jibu la swali la tano kila mtu alisome mbele ya darasa, kwa sauti.